Toyota RAV4 ileile: Ujerumani inaruhusiwa kuvuta kilo 1,650, Marekani kilo 794. Kwa nini?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Mnaiona karavani yangu hapo nyuma, yaani tela la kulala ndani, na mbele yake RAV4 haibridi, ile inayovuta magurudumu yote manne. Niko nje kidogo ya Hannover, Ujerumani. Leo kuna upepo, kwa hiyo maiki ikivuma mnisamehe.

Nimetoka kumtembelea shemeji yangu Columbus, Ohio. Naye ana RAV4 haibridi, toleo hilohilo lililoanza 2019, injini ya lita 2.5. Nikamwambia, "Shemeji, mbona gari hili linatosha kabisa kuvuta karavani?" Akatoa kitabu cha gari, akanifungulia ukurasa wa uzito wa kuvuta: mwisho pauni 1,750. Nikapiga hesabu, inakuja kilo 794. Yangu hapa imeandikwa kilo 1,650. Zaidi ya mara mbili!

Wengi hujibu haraka kwamba Wamarekani wanataka tu uache gari dogo ununue pikapu. Mimi siamini hivyo, na ninataka mnielewe vizuri, maana jambo hili linaua watu barabarani. Jibu liko hapa, kwenye hii goroli ya chuma nyuma ya gari. Sogea karibu na kamera. Hii ina upana wa milimita 50. Ya Marekani ya kawaida ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti haifiki milimita moja, ingawa hazichanganywi. Cha kuangalia ni uzito ambao pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele inayofungwa kwenye gari, inaukandamiza juu ya goroli.

Ulaya, pua ya karavani hukandamiza kidogo, kama asilimia 4 hadi 7 ya uzito wa tela. Marekani wanataka asilimia 10 hadi 15. Sasa chukua zile kilo 794 za shemeji, toa asilimia 10: unapata kilo 79. Gari langu hapa ruhusa yake kwenye goroli ni kilo 70. Mmeona? Nyuma ya gari kunabeba karibu sawasawa pande zote mbili. Kilichobadilika ni ukubwa wa tela wanaokuruhusu ufunge kwa uzito uleule wa pua.

Mtauliza kwa nini Mmarekani anataka pua nzito. Ni mwendo. Pua ikiwa nyepesi tela huanza kucheza mkia, na kadiri unavyokimbia ndivyo mkia unavyopata nguvu. Hapa Ujerumani sheria inakufunga kilomita 80 kwa saa. Ukitaka 100, lazima upate kibandiko cha 100, na hicho hakitolewi hivihivi: karavani iwe na shokapu, tairi zisizidi miaka 6, uzito wa tela ulingane na wa gari kwa kipimo maalumu. Kifaa cha kuituliza karavani kinakusaidia kwenye kipimo hicho. Marekani kila jimbo lina lake. California ukiwa na tela ni maili 55, kama kilomita 88. Lakini majimbo mengi hayana kikomo cha tela peke yake, na tulipokuwa njiani Ohio nimeona matela yakitupita sisi tukiwa kwenye maili 70. Hizo ni kilomita 112. Kwa mwendo huo, pua ya asilimia 5 mimi siifungi.

Niwasimulie yaliyonipata. Mwaka wangu wa kwanza na karavani, barabara kuu ya A7, kusini ya hapa, ile miteremko ya Kassel. Nilikuwa nimepakia madumu ya maji na hema lote nyuma kabisa, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Lori likatupita. Nikasikia usukani unalegea mkononi, kioo cha kulia kikajaa ukuta mweupe wa karavani, kisha cha kushoto, kisha cha kulia tena. Mke wangu hakupiga kelele, alishika tu mkono wa mlango. Nikaachia mafuta, nikaushika usukani ukiwa umenyooka, nikaomba Mungu. Ikatulia. Jioni nikaiweka mizani ya bafuni chini ya pua na kipande cha mti: kilo 31! Karavani ya kilo 1,350. Nilipohamishia madumu sakafuni, juu ya ekseli, ikasoma 66. Tangu siku hiyo mizani inasafiri nasi.

Na hapo ndipo nilipowasifu Wamarekani. Breki za karavani yangu zinafanya kazi kwa msukumo: ukikanyaga breki za gari, tela linasukuma mbele, huu mkono unaingia ndani, unavuta fito, breki zinabana. Hakuna umeme, hakuna cha kuunganisha kwenye dashibodi, na gari lolote lenye goroli linaweza kuivuta. Naipenda kwa hilo. Lakini mkia ukianza kucheza, mimi sina namna ya kushika breki za karavani peke yake. Shemeji anayo. Tela lake lina breki za umeme, sumaku ndani ya kila ngoma, na kwenye dashibodi kuna kidude cha kubana kwa vidole. Mkia ukicheza, anakibana, tela linabaki nyuma na kunyooka. Tulijaribu kwenye uwanja mtupu wa maegesho, mwendo mdogo, nikaona kabisa lilivyojivuta nyuma kama mbuzi anayegoma.

Ndiyo, mwisho shemeji alinunua pikapu la kuvutia tela hilo, Ford F-150. Tela lake ni la mita 7 na ushee, limepita tani 2 na nusu. Kwenye goroli peke yake kuna karibu kilo 300, na ili pikapu lisikae na pua juu amefunga vyuma viwili vya springi vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele. Kazi ya kuvifunga ina jasho lake.

Ndani ya tela sasa. Hapa sitakawia, mmeona video nyingi. Ukuta mmoja unasukumwa nje na sebule inapanuka, kuna matangi matatu: maji safi, maji ya kuoshea, na ya choo. Mimi nina kopo la choo la lita kama 20 ninalolichomoa na kulibeba mwenyewe. Kwa familia ya watoto wanne, shemeji ana raha kunishinda, sina ubishi. Ila fremu yake ni ya vyuma vizito, na ya kwangu ni chasisi nyembamba iliyozamishwa kwenye zinki. Mimi nikifika kambini peke yangu, nabonyeza rimoti, mota ndogo inaisogeza karavani hadi mahali pake. Yeye anarudi nyuma kwa vioo.

Wanaotaka kuleta tela la Marekani huku Ulaya: tafadhali fikirieni mara mbili. Umeme wa ndani ni volti 120, wetu 230. Breki zake gari lako haliziamshi. Pua yake inavunja ruhusa ya goroli yako. Kampuni ya Thor ya Marekani inamiliki Airstream, watengeneza matela wa huko, na 2019 ilinunua kundi la Hymer, watengeneza karavani wa hapa Ujerumani. Mwenye mali ni mmoja, na bado kila upande unatengenezewa lake.

Halafu leseni. Uzito wa juu wa RAV4 na karavani yangu kwa pamoja unapita kidogo kilo 3,500, kwa hiyo leseni B, ile ya gari dogo, haikutosha. Nilisoma B96, nyongeza ya leseni hiyo kwa ajili ya tela, masaa 7, hakuna mtihani, sasa naruhusiwa hadi kilo 4,250. Shemeji na zaidi ya tani 5 zake zote anaendesha kwa leseni ya kawaida. Hilo kwa maoni yangu Marekani wangelirekebisha.

Nikiulizwa ninunue ipi: ukiwa Ulaya na gari la familia, karavani isiyozidi kilo 1,400, na mizani ya bafuni. Ukiwa Marekani na RAV4, usinisikilize mimi wa Ujerumani, heshimu zile kilo 794, tafuta kitela kidogo.

Na ndugu zangu wa Arusha na Nairobi mnaoniuliza kuhusu kuagiza: umeme wa Ulaya utawafaa, volti zinakaribiana na za nyumbani. Tafuteni ya Uingereza, mlango wake uko kushoto, mtoto anashukia kwenye nyasi. Yangu hii mlango uko kulia, huko kwetu angeshukia mbele ya basi. Na muulize kimo cha tumbo lake kutoka chini kabla hamjalipa, maana hii hapa, tazama, ngumi zangu mbili hazipiti chini ya hii ngazi, na tuta la Mto wa Mbu mnalijua wenyewe.