Sauti ya Kushika Mkononi: Tathmini ya Kifaa cha Kusemea kwa Waliotolewa Zoloto

Mtu aliyetolewa zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, kwa sababu ya saratani hubaki na ulimi, midomo na maneno yake yote. Kinachokosekana ni mvumo wa nyuzi za sauti, kwa kuwa hewa ya mapafu sasa hupita kwenye tundu la shingoni bila kufika kinywani. Kifaa cha kusemea kinachotumia betri huziba pengo hilo: hubanwa shingoni chini ya taya, hutetemesha ngozi, na mtetemo huo hupenya hadi kinywani, ambako ulimi na midomo huugeuza kuwa maneno. Mjomba wangu anakitumia tangu kidonda chake cha upasuaji kilipopona, nami nimekaa naye karibu kiasi cha kuweza kukieleza kwa haki.

Wazo lenyewe si geni. Daktari wa upasuaji Theodor Billroth alipomtoa mgonjwa wa saratani zoloto huko Vienna mwaka 1873, msaidizi wake Carl Gussenbauer alimtengenezea mgonjwa huyo zoloto la bandia.

Sifa kubwa ya kifaa cha betri ni kwamba hakidai subira ndefu. Kusema kwa umio, yaani kuingiza hewa na kuirudisha kama mtu anayecheua, huchukua miezi kujifunza na wengine hawafaulu kabisa. Vali inayopachikwa kati ya bomba la pumzi na umio hutoa sauti iliyo karibu zaidi na ya asili, lakini huchakaa na lazima mtu arudi hospitali kubadilishiwa. Ugumu wa kifaa hiki upo katika kupata mahali pa kukibana. Kikisogea kidogo tu, mlio wote hutoka nje kama wa mashine ya kunyolea, na maneno hayasikiki. Shingo iliyokakamaa kwa mionzi huenda isipitishe mtetemo wowote, na hapo hutumika mrija mwembamba unaoingizwa mdomoni.

Matamshi yanahitaji sikio lililozoea. Kwa kuwa mvumo haukatiki neno linapotamkwa, konsonanti sighuna, yaani zisizo na mvumo, huelekea kughuna, hivyo “pata” husikika kama “bata”. Nayo “h”, inayotaka pumzi ya mapafu, hupotea. Hayo msikilizaji huyazoea. Kasoro iliyonisumbua zaidi ni sauti kubaki katika kimo kimoja, maana Kiswahili hukitegemea sana kiimbo: “umekula” inaweza kuwa taarifa au swali, na tofauti yake imo katika kupanda na kushuka kwa sauti tu. Mjomba sasa huanza maswali yake kwa “je”, hata ya mambo madogo ya nyumbani, na anaonekana rasmi kuliko alivyo. “Pole” yake na karipio lake vina mlio uleule, kwa hiyo tumejifunza kumtazama usoni anaposema. Vipo vifaa ambavyo kitufe chake kikibonyezwa kwa nguvu zaidi sauti hupanda. Ustadi wake huja polepole, lakini kwa maoni yangu hicho ndicho cha kununua.

Katika mazungumzo ya watu wengi kifaa hiki kina upungufu ambao hakuna fundi anayeweza kuurekebisha. Mpaka mjomba akiinue na kukiweka mahali pake, mada imekwisha kuhama, na utani unaochelewa hauchekeshi mtu. Wapo wanaomalizia sentensi zake wakidhani wanamsaidia, jambo linalomuudhi kuliko ule mlio. Hawezi kupaza sauti ili asikilizwe, wala kula huku akizungumza kwa raha, kwa kuwa mkono mmoja una kazi. Hata hivyo, kabla ya kifaa aliandika kwenye daftari, na mwenye kuandika hujibu anachoulizwa tu. Siku hizi huanzisha mazungumzo, hupinga, na hubishana hadi usiku. Kwenye simu husikika vizuri, mradi kinasa sauti kiwe karibu na midomo na mbali na kifaa, ingawa wasiomjua hukata wakidhani ni mashine.

Anayetaka kununua asilipe kabla ya kukijaribu shingoni mwake mwenyewe mbele ya mtaalamu wa tiba ya usemi, na awe na betri ya akiba. Mwenye mikono dhaifu au inayotetemeka aulizie njia nyingine kwanza.