LUKU moja kwa vyumba vinne: tathmini yangu kutoka Uyole

Nyumba yangu ya kupangisha iko Uyole, jijini Mbeya. Ina vyumba vinne vya wapangaji na mita moja ya LUKU iliyofungwa ukutani karibu na mlango wa uani. Husemwa mara nyingi kwamba LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, imemaliza madeni ya umeme majumbani. Kwa miaka niliyoitumia nimeona kwamba deni la kaya kwa shirika la umeme limekwisha kweli, lakini deni baina ya watu wanaotumia mita moja limebaki palepale, na katika nyumba yangu lilikaribia kuvunja ujirani.

Nianze na haki ya mita yenyewe. Nilikulia katika nyumba iliyokuwa ikipokea ankara kila mwisho wa mwezi, na namkumbuka mama akiificha chini ya kitambaa cha meza kwa sababu deni la miezi mitano halikuwa na pa kuanzia kulipwa. Kwa LUKU hali hiyo haitokei. Unanunua kwa simu, unapata namba ya tarakimu 20, unaiingiza, na uniti zinasomeka hapo hapo. Mwenye shilingi 2,000 ananunua za 2,000, na zikiisha giza lenyewe linamjulisha kwamba amefika mwisho wa uwezo wake, kabla hajadaiwa na mtu. Kwa kaya yenye kipato cha vibarua au cha mavuno ya viazi, ambacho huja kwa mafungu, naona huu ni msaada mkubwa.

Ugumu unaanza pale mita moja inapobeba kaya nne. Utaratibu wetu ulikuwa wa kuchanga shilingi 15,000 kila chumba, sawa kwa sawa. Mwezi wa Juni baridi ya Uyole ilipokaza, umeme wa mwezi ukaanza kuisha tarehe 18 au 19, na hapo ndipo madeni yalipozaliwa: huyu anamnunulia mwenzake kwa ahadi ya kurudishiwa, yule anachukua mkopo wa simu wenye makato ili watoto wasilale gizani, na mwingine anasema yeye alinunua mara ya mwisho, hivyo si zamu yake. Jioni moja mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana mwanafunzi, alinijia akaniambia kwa upole, “Shikamoo mama. Mimi nina taa moja na chaja ya simu, lakini nalipa sawa na wenye hita.” Sikuwa na jibu, maana sikuwa na kipimo.

Nilinunua mita ndogo nne za kusoma matumizi ya kila chumba, fundi akazifunga baada ya mita kuu. Moja ilikuwa mbovu, ikihesabu hata swichi zote zikiwa zimezimwa, na duka lililoniuzia lilichukua wiki tatu kuibadilisha; kwa hiyo nashauri kila anayenunua aipime kwanza kwa kuzima kila kitu na kuitazama kwa saa moja. Baada ya hapo zimefanya kazi vizuri. Mwezi wa Julai vyumba vilisoma uniti 71, 44, 38 na 19. Chumba cha uniti 71 kina mtoto mchanga na hita ya maji ya wati 2,000, ambayo kila saa inapowaka hula uniti mbili. Balbu ya wati 9 huchukua zaidi ya saa 100 kumaliza uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, uniti moja inafika takriban shilingi 356. Maana yake ni kwamba kijana yule alistahili kulipa kama shilingi 6,770, naye kwa muda wote huo alikuwa akitoa 15,000. Nilimrudishia tofauti ya miezi mitatu kwa kuipunguza katika kodi ya chumba, na sioni kwamba nilimfanyia hisani.

Hesabu hiyohiyo ilinifungua macho kwa jambo zito zaidi. Bei ya wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na tozo. Hakuna chumba hata kimoja katika nyumba yangu kilichovuka uniti 75, lakini kwa kuwa vyote viko nyuma ya mita moja, mita inaona mteja mmoja wa uniti 172 na kumtoza bei ya juu. Tulilipa takriban shilingi 61,270. Kama kila chumba kingekuwa na LUKU yake na kupangiwa daraja hilo la chini, vyote kwa pamoja vingelipa 20,984. Wapangaji wa kipato kidogo, ambao bei nafuu iliwekwa kwa ajili yao, ndio wanaoikosa kwa sababu tu ya kuishi chini ya paa moja. Jambo hili linaniuma, na wenye nyumba wengi tunalipita bila kulitazama.

Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Miezi usiponunua hujilimbikiza, kisha hukatwa kwa pamoja. Hiyo ni juu ya mwenye nyumba, nami huitoa mwenyewe kwa kununua umeme wa kwanza wa mwezi, ili mpangaji asione uniti zake zimepungua bila maelezo.

Kuunganishiwa umeme mjini bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960 kwa mita ya njia moja, ile ya kawaida ya majumbani. Mita tatu za ziada zinafika 962,880, na kwa tofauti ya mwezi kama ule wa Julai fedha hiyo ingerudi katika muda wa karibu miaka miwili. Nimekwisha kuweka akiba ya mita ya kwanza, nayo itafungwa katika chumba cha mtoto mchanga, ambacho uniti zake 71 ziko karibu mno na mpaka. Mama yake ameanza kupasha maji mara moja kwa siku na kuyahifadhi katika chupa za chai.