Saa 12 na mzee wa mkokoteni: nilivyomtafsiria mama "Three Men and Adena"

Nawaonya mapema kwamba humu nimemwaga kila kitu mpaka mwisho. Ila kwa epsodi hii, hata ukihadithiwa mwisho wake bado hujahadithiwa kitu.

Kasha la DVD la Homicide: Life on the Street, tamthilia ya Kimarekani ya wapelelezi wa mauaji wa mji wa Baltimore, misimu miwili ya kwanza, aliliacha binamu yangu aliporudi masomoni, likakaa juu ya kabati likila vumbi. Nililishusha kipindi cha masika. Bando lilikuwa limeisha, na mama alikuwa amehamia kwangu kwa siku chache. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mvua zikishika dagaa hazikauki, na dagaa zisipokauka yeye hana biashara, basi anapanda kwangu Bugarika, huku mlimani ambako nyumba na mawe vinagombania nafasi. Deki yangu ya Kichina haichagui diski ya nchi gani. Ukiiwekea inameza.

Mama Kiingereza chake ni cha kutaja bei tu, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Amezoea zile picha za kutafsiriwa ambazo mtafsiri anaongea kuliko waigizaji wenyewe, na mimi nikataka kumridhisha. Hapo ndipo nilipoharibu, nitawaeleza.

Tulianza na epsodi ya kwanza kabisa, iliyorushwa na kituo cha NBC Januari 1993. Msiiruke, maana kesi ya Adena Watson, mtoto wa miaka 11 aliyekutwa ameuawa, inaanzia pale mwishoni, na anakabidhiwa Tim Bayliss, mpelelezi mgeni ambaye hata meza yake hajaizoea. Humo pia kuna mahali Frank Pembleton, mpelelezi mzoefu, anamfundisha Bayliss kuhoji mtuhumiwa. Anamwambia kazi yenyewe ni biashara: unamuuzia mtu kifungo kirefu, bidhaa ambayo mteja haina faida yoyote kwake. Nilipomtafsiria mama hilo, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huyo kijana anaijua kazi," akasema. Kuanzia hapo Pembleton akawa stelingi wake.

Halafu ndiyo ikaja yenyewe, "Three Men and Adena", ya Machi 1993. Wanaume watatu na Adena. Adena mwenyewe ni marehemu, kwa hiyo ukihesabu walio hai ni watatu, na karibu muda wote wa epsodi, chini ya dakika 50, wamo ndani ya chumba kimoja. Meza, viti, kuta. Hakuna bastola wala gari linalokimbizwa. Kama umekulia kwenye picha za ngumi za vibanda umiza, dakika kumi za mwanzo utashika rimoti. Iweke chini.

Anayehojiwa ni Risley Tucker, mzee anayeuza matunda na mboga mitaani kwa mkokoteni wa farasi. Baltimore wanao watu hao, ni kazi ya zamani ya Wamarekani weusi wa mji ule. Nilimwambia mama, "Ni machinga wa matunda, ila toroli lake linavutwa na farasi." Akauliza farasi anakula nini mjini. Sikuwa na jibu, na nadhani kwa dakika mbili hivi alimfikiria farasi kuliko kesi. Adena alikuwa akimsaidia mzee yule kazi za zizini. Sasa wapelelezi wamebakiwa na saa 12 za kumbana kwa mara ya mwisho. Akitoka bila kukiri, basi.

Hizo saa 12 zilinigusa kwa sababu nyingine. Hapa kwetu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa 4 za mwanzo za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Jumlisha mwenyewe. Mwandishi wa Marekani bila shaka hakuwa na habari na sheria yetu, lakini ukitazama ukiwa na hesabu hiyo kichwani, kila wanapotoka kunywa maji unaona saa inaliwa.

Katikati ya epsodi mvua ikashuka. Anayeishi chini ya bati anajua ninachosema: ile mvua ya ziwani haigongi hodi, inaanguka yote kwa mara moja kama gunia la mchanga. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, hatukusikia hata neno moja. Nikataka kusimamisha. Mama akanizuia kwa mkono, akavuta kigoda karibu na runinga.

Robo saa nzima tulitazama nyuso tu. Na hapa ndipo nataka kuwasifu waigizaji, kwa sababu bila sauti huwezi kumdanganya mtu. Andre Braugher, ndiye Pembleton, anasogea kwa mzee taratibu, uso kwa uso, kama daktari anayetafuta jipu lilipo. Kyle Secor, ndiye Bayliss, ni mrefu, mabega hayajui yakae wapi, na kila akisimama unaona hajui atasimamia nini. Katikati yao yupo Moses Gunn, mzee Tucker, ambaye karibu hafanyi kitu. Anachoka. Kwa mbele yako, mtu anachoka mpaka ngozi ya uso inabadilika.

Mama aliniegemea sikioni, akapaza sauti kushinda mvua: "Huyo mrefu ndiye anayeogopa!"

Na ndivyo ilivyo. Mvua ilipolegea tulirudisha nyuma tukasikiliza, nikakuta ni kile kipande ambacho mzee anawageuzia kibao. Amekaa nao saa zote hizo, kumbe naye alikuwa anawasoma. Pembleton anaambiwa, kwa ufupi, kwamba anawaonea aibu weusi wenzake wa hali ya chini. Bayliss anaambiwa kwamba ndani yake kuna giza asilotaka kulitazama. Wapelelezi wawili wenye vyeo, na anayewavua nguo ni muuza matunda. Nilishangaa, mama hakushangaa. Alisema sokoni iko hivyo: mteja akikaa sana bila kununua, muuzaji ndiye anayeanza kushusha bei. Akasema kuna mtu mmoja wa Ukerewe alimshindia hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaondoka na debe kwa bei ya hasara, na mwisho mama akajikuta anamsimulia habari za ndoa yake. (Sijawahi kuisikia habari hiyo kabla, na sikuuliza.)

Sasa kosa langu.

Saa zinaelekea ukingoni, mzee anavunjika. Analia. Anasema lile wanalolisubiri, au linalofanana nalo: kwamba mapenzi makubwa ya maisha yake yalikuwa yule mtoto. Kwamba anajua hilo linamfanya awe nani. Lakini kuua, hapana, hajaua. Kiingereza anachotumia ni chepesi, "love", kila mtu analijua. Nami, kwa haraka ya mtafsiri, na kwa sababu nimeshaona tamthilia mia za polisi ambazo mtu akilia basi amekiri, nikamwambia mama: "Amekubali. Anasema alikuwa anamtamani."

Mama akakunja uso. "Amekubali nini?"

"Kwamba alimtamani."

"Na kuua?"

"Kuua anakataa."

"Sasa amekubali nini?"

Nikakwama. Kwa sababu neno nililochagua lilikuwa limeshamfunga yule mzee. Ningesema "alimpenda kama mwanawe" ningekuwa nimemtoa nje, akachukue farasi wake aende. Epsodi nzima imesimama juu ya hilo neno moja ambalo halisemi ni upande gani, na mimi nimelipasua kwa shoka. Mama alitazama dakika za mwisho akiwa na hukumu yangu kichwani, si ya kwake.

Na dakika zile za mwisho zinataka kichwa kisicho na hukumu. Bayliss, aliyeingia na uhakika wote wa dunia, anatoka hana uhakika tena. Pembleton, aliyekuwa na mashaka, ndiye sasa anaamini mzee ameua. Wamebadilishana viti. Tucker anaachiwa. Kesi haitatuliwi hapo wala baadaye, na tamthilia ilikwenda misimu saba mpaka 1999 bila kumtaja muuaji. Wanaodai pesa yao irudishwe nawaelewa, ila habari ilianzia hivyo: chanzo cha yote ni kitabu cha mwandishi wa habari David Simon, aliyekaa mwaka mzima na wapelelezi wa Baltimore, na kesi ya mtoto aliyoisimulia, ya mwaka 1988, nayo haijapata mwenyewe. Simon ndiye baadaye alitengeneza The Wire, ile iliyomtoa Idris Elba.

Muswada wa epsodi ni wa Tom Fontana, alipata nao tuzo ya Emmy mwaka 1993. Aliyeongoza ni Martin Campbell, na hapa wapenzi wa James Bond shikeni viti: ndiye aliyekuja kuongoza GoldenEye na Casino Royale. Ukimwona huku na chumba kimoja na watu watatu, unajiuliza yale mabomu yalikuwa ya nini.

Moses Gunn watu wazima watamkumbuka kwenye tamthilia ya Roots, ndiye yule mwalimu wa jando, Kintango. Alifariki Desemba 1993, miezi tisa tu baada ya epsodi hii kurushwa. Nilipomwambia mama kwamba yule mzee ni marehemu, akasema "alionekana". Nikambishia, nikasema kule ni kuigiza, akanitazama tu. Braugher naye ametangulia, Desemba 2023, akiwa na miaka 61. Vijana wanamjua kama kapteni Holt wa Brooklyn Nine-Nine, yule asiyecheka, na wengi hawajui kwamba huku nyuma aliwahi kumfanya mtu ajikute anaegemea runinga. Emmy ya Homicide ilimfikia 1998. Mimi ningempa hii ya 1993 wakati huo huo.

Nina malalamiko mawili. Kwanza kamera: wamepiga kwa mkono, haitulii, na msimu huu wa kwanza rangi zimepauka kama kanga iliyofuliwa sana. Mama alisema anajisikia yuko kwenye mtumbwi siku ya upepo, na yeye mitumbwi anaijua. Unazoea, lakini siyo siku ya kwanza. Pili, Yaphet Kotto, bosi wao Giardello, humu hana nafasi ya kutosha. Mtu mwenye uso ule ungemweka mlangoni tu anatazama ningelipia. Mzee mmoja jirani, aliyekwenda vita vya Kagera, alipita kuazima mwavuli akamkuta kwenye skrini. Nikamwambia huyo ndiye aliyewahi kuigiza Idi Amin kwenye filamu ya runinga kuhusu uokoaji wa mateka Entebbe, iliyorushwa Marekani 1977. Alisimama mlangoni muda mrefu akimchunguza. Akasema hafanani. Akaondoka na mwavuli, mpaka leo.

Kwa anayetaka kuitazama: usiitazame peke yako, na usimtazamishe mtoto. Mtu wa kutafsiri mwambieni atafsiri taratibu. Naipa nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa ajili ya kamera.

Wiki iliyofuata jua lilirudi, mama akashuka Mwaloni kuanika. Nilikwenda kumsalimia Jumamosi, nikamkuta anageuza dagaa kwa ufagio, na wateja wawili wamesimama wanamsubiri. Hakunisalimia kwanza.

"Yule mzee wa farasi," akasema, "neno alilosema siku ile ni lipi hasa?"

Nikamwambia ni lile la kawaida tu la kupenda, wenzetu wanalitumia kwa mke, kwa mtoto, hata kwa chakula.

"Hilo hilo moja?"

"Hilo hilo moja, mama."

Akaendelea kufagia mpaka mwisho wa turubai, akasimamisha ufagio.

"Basi ungesema alimpenda, baba, ukaniachia hapo hapo."

Akawageukia wateja, akaanza kupima.