Kisanduku cha swichi ya RCA: bei poa, ila angalia ethi yake

Amplifaya yangu ina tundu moja tu la kuingizia sauti, na vinavyoligombania ni vitatu: king'amuzi, deki ya DVD na kompyuta. Nilichoka kuinama nyuma ya kabati kuchomoa nyaya kila mtu anapotaka chake, nikanunua Kariakoo kisanduku cha swichi cha RCA (zile plagi za duara za sauti, nyekundu na nyeupe), matundu manne ya kuingiza na moja la kutoa. Shilingi 18,000, na hakihitaji umeme.

Kwa sauti yenyewe sina neno. Muziki unatoka safi, kushoto na kulia zimelingana, na ukibonyeza kitufe unasikia "tap" ndogo tu kwenye spika. Vitufe ni vya plastiki nyepesi, sidhani kama vitahimili watoto.

Shida ilikuwa mvumo. Mzito, wa chini, ule wa umeme wa hezi 50, na ulikuwepo hata nikiwa nimechagua deki. Nikichomoa waya wa king'amuzi kwenye kisanduku, kimya. Nikiurudisha, huo hapo tena, wakati king'amuzi chenyewe sijakichagua!

Nikafungua skrubu nne za chini. Ndani kuna waya mmoja mtupu uliolehemiwa kwenye pete za nje za matundu yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Swichi inakata waya wa sauti wa kati peke yake, kushoto na kulia. Ethi za vifaa vyote, yaani upande huo wa pete za nje, zinabaki zimeshikana muda wote. Sasa waya wa dishi kwetu umefungwa ethi (umeunganishwa na ardhi) kule juu ya paa, na amplifaya ina ethi yake ya ukutani. Ethi mbili hizo hazilingani volti, kwa hiyo umeme kidogo unapita kwenye ganda la waya wa RCA na kuingia kwenye sauti.

Simlaumu sana aliyekitengeneza. Angekata na ethi pia, ungepigwa na mlio mkali kila unapobadilisha, maana kwa kitambo kile amplifaya inabaki bila ethi ya kifaa. Isitoshe angehitaji swichi yenye njia nyingi zaidi, na bei ingepanda.

Mimi nilimaliza kwa kuweka kitenganishi chenye transfoma ndogo kwenye waya wa king'amuzi pekee. Mvumo umekwisha. Besi imepungua kidogo upande huo, lakini kwa taarifa ya habari na mpira nani anajali? Kuna mafundi watakushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Usikubali. Mvumo utaisha kweli, ila siku waya wa moto ukigusa bodi ya bati, atakayeishika ndiye atakayepitiwa na umeme.

Ukienda dukani beba mita ya kupimia umeme (multimita). Iweke kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha zake mbili zikiunganishwa, gusa pete ya nje ya tundu la kwanza na ya la pili kabla hujachomeka chochote. Ikilia, ethi ni moja. Kama vifaa vyako vyote vinatumia plagi za pini mbili na huna dishi wala antena, huenda usisikie mvumo kabisa, nunua tu.

Wenye mashine ya santuri wasiipitishe humu. Sauti ya sindano ni milivolti chache tu, mvumo ungeifunika, na kisanduku hakina hata skrubu ya kufungia ule waya wa ethi wa santuri.