Baseball-Reference: kama unapenda straikauti za kale, ingia hapa

Jamani kama unapenda historia ya besiboli na hujawahi kufungua Baseball-Reference unajinyima utamu. Ni tovuti ya Marekani, ipo tangu 2000, ina takwimu za mchezaji mmoja mmoja na timu moja moja kuanzia karne ya 19 huko, na ni bure. Matangazo yapo, kawaida tu. Kuna huduma ya kulipia inaitwa Stathead kwa wale wa kuchimba sana ila shabiki wa kawaida hiyo ya bure inamtosha kabisa.

Kilichonikamata mimi ni orodha ya straikauti kwa msimu mmoja, yaani wapigaji wangapi mrushaji kawamalizia straiki zao 3 (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji kaukosa au kauacha) wakatoka bila kuuingiza mpira mchezoni. Unaingia ukitegemea kumkuta Nolan Ryan, mrushaji maarufu wa enzi za karibu, juu na zile 383 zake za 1973, wapi! Yuko chini huko. Juu kakaa Matt Kilroy wa Baltimore, straikauti 513 mwaka 1886, kijana wa miaka 20, anafuata Toad Ramsey wa Louisville 499 mwaka huohuo, halafu Hugh Daily 483 mwaka 1884, na Daily huyo hakuwa na kiganja cha kushoto.

Sasa hapo usikimbilie kusema wa zamani walikuwa wakali kuliko wa leo, maana namba peke yake haikwambii sheria za wakati ule. Mrushaji alirushia ndani ya boksi ambalo mstari wake wa mbele uko futi 50 tu kutoka kwa mpigaji, hizi futi 60 na inchi 6 za leo zilikuja 1893, na National League, mojawapo ya ligi kubwa za Marekani, iliruhusu kurusha mkono ukiwa juu ya bega mwaka 1884, kwahiyo mtu anakufyatulia toka karibu na kwa nguvu zote. Ila mpigaji naye alikuwa na haki ya kuagiza aletewe mpira wa juu au wa chini, na mrushaji lazima atii. Ikafika 1887 haki hiyo ikafutwa, wapigaji wakapewa straiki 4 badala ya 3, mwaka mmoja tu wakarudi kwenye 3.

Fungua ukurasa wa Kilroy uone kilichotokea. 1886: ining (vipindi vya mchezo alivyorusha) 583, straikauti 513. Mstari unaofuata, 1887: straikauti 217. Zaidi ya nusu imeyeyuka! Na sio kwamba alichuja, maana msimu huohuo wa 217 ndio alishinda mechi 46. Mistari miwili tu hiyo inakuonyesha sheria inavyoweza kumgeuza mtu, mimi niliiangalia muda mrefu sana.

Ndio maana natamani wangeweka sheria za kila mwaka pembeni kabisa ya hiyo orodha, mgeni asipotee. Zaidi ya hapo sina neno, nyota 5. Kwenye simu ilaze, majedwali yao ni mapana, na vile vifupisho vya juu ya safu vina maelezo yake.

Ukimaliza kwa Kilroy bonyeza timu yake ya 1886. Baltimore walishika mkia mwaka ule, mechi 48 tu walishinda, na 29 kati ya hizo ni za kwake.