Ngome na Mji wa Kale kwa miguu: mwambie mwongozaji azungumze Kiswahili

Nimezaliwa Likoni, mamangu ana miaka 71, na sote wawili tulikuwa hatujawahi kuingia Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno hapa Mombasa. Tumepita nje miaka yote, yeye akienda Marikiti kununua bizari, mimi nikienda shule. Jumamosi iliyopita tulivuka na feri asubuhi, tukachukua tuktuk mpaka mlangoni.

Onyo kwanza. Kabla hatujakata tiketi, kijana mmoja alitutajia bei ya kututembeza, tulipokubali akaipandisha maradufu. Tukamwacha. Wa pili, mtu wa makamo mwenye kitambulisho shingoni, alimwamkia mama shikamoo, akasema shilingi 1,500 ngome pamoja na mitaa, na hakuongeza hata senti. Nilimuuliza jambo moja tu: utatueleza kwa Kiswahili? "Ndicho nilichonyonya," akajibu.

Alianzia kwenye leso aliyojitanda mama. Neno hilo ni la Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walivishona pamoja vitambaa hivyo wakajitanda. Meza na bendera pia zilitoka kwao. Na gereza? Igreja kwa Kireno ni kanisa, na kanisa lao lilikuwa humu humu ngomeni. Kisha Waingereza wakaifanya ngome jela, kuanzia 1895 hadi 1958.

Hapo mama akasimama. Babu yake mzaa mama alifungwa humu kwa kukosa kodi, kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani jambo hilo lilikuwa likitajwa kwa sauti ya chini, na mimi sikuwa nimelisikia hata siku moja. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa matumbawe, akakaa hivyo. Mwongozaji wetu hakusema neno, hakutazama saa, wala hakutuhimiza twende mbele. Kwa utulivu ule peke yake ningemlipa tena.

Mengine aliyaeleza vizuri pia: ujenzi wa 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, Waomani walivyoizingira tangu 1696 mpaka wakaitwaa 1698, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama hapo chini wakati ngome imezingirwa. Panda mpaka Nyumba ya Waomani, upepo wa mkondo ukupige usoni. Mama alikaa pale akitazama maji muda mrefu kuliko penginepo.

Mitaani hakutenda haki. Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale yenye milango ya nakshi, tuliipita mbio mbio, halafu tukawekwa karibu nusu saa katika duka la vinyago ambalo hatukuliomba. Msikiti wa Mandhry tuliuona kwa nje tu, dakika mbili. Mwambieni mapema kwamba hamnunui kitu, na muda huo autumie Ndia Kuu.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijachoma, na mwenye magoti mabovu ashikwe mkono kwenye ngazi. Mkimaliza, ketini barazani mnywe kahawa tungu kwa kashata.

Jumamosi ijayo tunarudi. Mama anataka kumleta mjomba, maana yeye ndiye mkubwa wao, na huenda aliambiwa babu alilala upande gani.