Uzoefu Wangu: Kusajili Mashua Baada ya Kuifunga Mashine

Mwezi wa Februari nilinunua kwa mvuvi mwenzangu wa Kilwa Masoko mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 15, iliyokwisha kutumika, nikaifunga kwenye mashua yangu ya mita saba ambayo siku zote ilikuwa ikienda kwa tanga. Hapo ikanibidi nirekebishe kumbukumbu za chombo kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kisha kikaguliwe upya usalama na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Mashine yangu haikupewa kadi ya peke yake kama ipewavyo pikipiki. Iliandikwa ndani ya fomu ya chombo, aina yake, nguvu zake na namba yake. Namba hiyo imechapwa kwenye kibati kidogo kilichoko kwenye bano linaloishika mashine tezini, nyuma ya chombo, na ndiyo iliyonisumbua.

Afisa alikuja Mikindani maji yakiwa yamekupwa, mashua imelala ubavu mchangani. Alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua chumvi na rangi ya zamani mpaka kibati kikang'aa, kisha akasoma tarakimu mojamoja kwa sauti huku mimi nikifuatisha kwenye risiti ya duka niliyokabidhiwa na muuzaji. Tulipofika ya sita, yeye alisoma 8, na risiti yangu ilikuwa na 3.

"Mzee wangu," aliniambia, "mashine moja siwezi kuiandikia namba mbili."

Nilikasirika, kwa sababu bamvua, siku za maji makubwa, lilikuwa limeanza na wenzangu walikuwa wakishusha samaki. Hata hivyo nakiri kwamba alikuwa na haki. Mashine ndogo ya boti kama hii hufunguliwa kwa kulegeza skrubu mbili tu, na aliyeibiwa hana kingine cha kumwonyesha polisi isipokuwa namba. Ikiwa namba ya kwenye karatasi si ya kwake, amepoteza mara mbili.

Nilipanda basi hadi Nangurukuru, nikashika gari la Masoko, na muuzaji, ambaye namshukuru kwa uungwana wake, akanipeleka kwenye duka lililoandika risiti ile kwa mkono. Walikataa kosa lao hadi walipofungua kitabu cha nakala na kukuta mwandiko uleule. Ndipo wakatoa barua ya kusahihisha. Mkataba wetu wa mauziano tuliuandika upya mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, safari hii tukiwa na picha ya kibati mezani.

Ukaguzi wa usalama ulikuwa mwepesi na wa haki: tulikuwa na jaketi okozi nne kwa mabaharia watano, tukazuiwa mpaka nilipoleta ya tano. Malipo nayo sina la kuyalalamikia, kwani nilipewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu na risiti ikatoka papo hapo.

Ninalolalamikia ni kwamba maelezo yaleyale niliyajaza mara mbili, katika ofisi mbili, na hakuna karatasi hata moja ukutani inayomwambia mnunuzi asome kibati kabla ya kutoa fedha. Karatasi hiyo ingeniokolea nauli na bamvua zima. Anayenunua mashine iliyotumika aende na kitambaa chake, akisugue kibati mwenyewe, na ailinganishe namba na risiti muuzaji akiwa bado amesimama hapo.